Mama Majani na Ndoo Ambazo Hakuziosha Yeye

Marehemu mama yetu, ambaye soko zima lilimwita Mama Majani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa nne wa mlinzi wa geti na mkewe mshonaji.

Alisoma hadi darasa la sita, akaachishwa mwaka 1964 ili alee wadogo zake. Kusoma hakuacha. Alisoma hata karatasi za kufungia sabuni, na ole wake mwenye duka aliyekosea kuandika.

Tarehe 9 Oktoba 1968 alifunga ndoa na fundi baiskeli, baba yetu, aliyetangulia mwaka 2003. Walijaliwa watoto watatu: seremala, mwalimu, na kitinda mimba, ambaye ni mtaalamu wa maabara na ndiye anayewasomea haya.

Mwaka 1976, akiuza mboga za majani sokoni, alichoka kutupa majani yaliyonyauka kabla ya jioni, akaanza kuyachachusha. Mnavu, kunde na mchicha aliviosha, akavianika kidogo, akavishindilia ndooni pamoja na maji, chumvi na sukari kiduchu, kisha akamimina kikombe kimoja cha maji machachu ya ndoo iliyotangulia. Bila kikombe hicho hakuanza kazi. “Majani mageni hayajui njia,” alikuwa akisema, “lazima yapate mwenyeji.” Harufu ilijaa nyumba nzima. Baba alikula uani miaka yote, akidai amefuata upepo.

Hapa kitinda mimba anaomba mmvumilie. Kaka yake alimsihi aandike mazuri tu, na hili si zuri.

Jumamosi ya tarehe 12 Agosti 1989, binti huyo, akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa nyumbani kwa likizo, na rafiki yake wa bweni alikuwa njiani kuja kumtembelea. Mama alikuwa sokoni. Binti alionea aibu ile harufu. Alimwaga maji yaliyobaki katika ndoo zote tatu, na ya mtungi ambamo mama aliweka akiba ya maji machachu, akavisugua vyote kwa dawa ya chooni. Halafu, ili asijulikane, akavijaza vyote maji ya chumvi. Rafiki alikuja, akanywa chai, akaondoka. Jumatatu mama alishindilia majani mapya, akachota kikombe mtungini kama kawaida.

Majani yale hayakuchachuka, yalioza, na kwa macho hayakuonyesha. Watu tisa walioyanunua na kuyala waliugua matumbo. Wote walipona wakarudi kazini, alhamdulillahi, lakini mama aliitwa mbele ya kamati ya soko. Alisimama akasema kosa ni lake, labda alipunja chumvi. Binti alikuwa pembeni amemshikia kapu. Mama akafungiwa meza yake mwaka mmoja na nusu. Kuna waliovuka njia ili wasipite karibu naye, na baadhi yenu mmo humu leo. Msijilaumu. Aliyewadanganya ni huyu anayesoma.

Aliporuhusiwa kurudi, shoga yake muuza nyanya ndiye aliyemkomboa. Miaka mingi nyuma mama alimpa kikombe cha yale maji, naye aliyatunza. Alimrudishia kikombe kilekile, na ndoo zikaanza upya.

Mwaka 1998 binti aliyapima maji hayo kazini. Aliona bakteria wa asidi ya laktiki wamejaa tele, wale wanaoyafanya majani yawe machachu upesi, hadi vijidudu vya magonjwa vikose pa kukaa. Siku hiyo alijua kwa hakika alichokiua mwaka 1989, akaketi chooni akalia. Nyumbani alimweleza mama juu ya bakteria tu. Mama alicheka: kumbe siku zote amekuwa mfugaji, na mifugo yenyewe hajaiona. Binti naye akacheka, mnafiki mkubwa.

Mwezi Januari mwaka huu figo za mama zilianza kushindwa. Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, akalalamikia chai yao hadi wiki ya mwisho. Jumapili, tarehe 1 Juni 2025, hatimaye binti alitamka.

“Mama, zile ndoo niliziosha mimi.”

“Nilijua siku watu walipougua. Nilikuta dawa ya chooni imeisha.”

“Sasa kwa nini hukusema?”

“Ungerudije shule na jina lile? Mimi nililibeba, limetosha. Ila nikifa kawaambie. Sitaki kuzikwa na ule mchicha.”

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne.

Kwa hiyo kamati ya soko, majirani, na ninyi mliobaki hai kati ya wale tisa: mama yetu hakupunja chumvi. Hakukosea hata siku moja. Kitinda mimba wake anawaomba msamaha, miaka thelathini na sita baadaye, na anaona aibu kuliko anavyoweza kusema.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, shoga yake muuza nyanya, na mtungi mmoja wa maji machachu ulio jikoni, ambao hakuna atakayeuosha.

Apumzike kwa amani Mama Majani, mikono yake ikiwa safi.