Mama Gundi na Nakala ya Arobaini na Moja

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mtunza maktaba wa mahakama yetu atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye faili ana jina lenye maneno matatu, lakini ukilitaja langoni mlinzi atakukodolea macho. Muulizie Mama Gundi, na utaelekezwa ghorofa ya kwanza, mlango unaotazamana na ngazi.

Alianza kama karani wa kupokea magazeti ya serikali. Baada ya miezi mitatu alihamishiwa maktaba kwa sababu, kwa maelezo ya mkuu wake wa wakati huo, alikuwa anayasoma badala ya kuyapanga. Huko ndiko alikoipata kazi iliyompa jina. Katiba inaporekebishwa, kitabu kizima hakichapishwi upya siku hiyohiyo. Inakuja karatasi ya marekebisho. Inakatwa vipande, na kila kipande kinabandikwa mahali pake katika nakala zote za mahakama. Sisi tuna nakala arobaini na moja, na karani mwenye haraka haifai kazi hii.

Mama Gundi hupaka gundi ukingo wa kushoto tu. Kipande kinainuka, na maneno ya zamani yanasomeka chini yake. Sisi tuliokuwa wapya idarani, mwandishi wa wasifu huu akiwamo, tulidhani ni ubahili. Alitueleza kwamba mwananchi ana haki ya kujua sheria ilikuwa inasemaje kabla haijabadilika. Tuliitikia kwa vichwa kwa adabu, tukaenda kucheka koridoni.

Kosa lake kubwa halina budi kutajwa, maana ameapa kwamba lisipotajwa hahudhurii sherehe ya kumuaga.

Mwaka wake wa tisa kazini yalikuja marekebisho yaliyotaka mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa arobaini na nane, la sivyo aachiwe. Ibara ya zamani iliruhusu siku kumi na nne. Mama Gundi alibandika nakala arobaini. Ya arobaini na moja, ya chumba namba mbili, hakimu wa chumba hicho alikuwa ameenda nayo nyumbani kwake. Mama Gundi alisaini rejista kwamba zote zimekamilika, akijiambia ataimalizia hakimu akirudi Jumatatu. Jumatatu ikafika, naye akasahau.

Wiki hiyohiyo mama mmoja mshona nguo alipanda ngazi, jasho likimtoka. Kijana wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na siku ya tano kituo cha polisi bila kufikishwa popote. Redioni alisikia sheria imebadilika, lakini hakimu wa chumba namba mbili alimfungulia kitabu na kumwonyesha siku kumi na nne. “Mwanangu, kusoma najua,” alimwambia Mama Gundi. “Nimeiona kwa macho yangu.”

Mama Gundi alijua papo hapo ni nakala ipi, na sahihi ya nani iko kwenye rejista. Angeweza kushuka na mkasi wakati hakimu yuko chai, akabandika kile kipande kimyakimya, na lawama ikamwangukia hakimu. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na barua ya kumpandisha cheo ilikuwa mezani kwa hakimu mfawidhi, mkuu wa mahakama, ikisubiri sahihi. Anakiri kwamba alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kutosha kufungua kopo la gundi.

Alilifunga. Alibeba rejista, akamshika yule mama mkono, wakaenda hadi kwa mfawidhi. Huko alisema mambo mawili tu: kwamba kuna mtu anazuiliwa kinyume cha katiba, na kwamba aliyesababisha ni yeye. Fundi aliachiwa kabla ya saa tisa alasiri. Mama Gundi alipewa barua ya onyo kali, na cheo kikamsubiri miaka minne zaidi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Keshoyake alikuwa mezani saa moja na nusu.

Tangu siku hiyo hajasaini nakala ambayo hajaigusa. Hakimu mmoja alifuatwa hadi kwa kinyozi, na wakili mmoja mashuhuri alibandikiwa nakala aliyoiazima juu ya boneti la gari. Aliandika pia barua saba kuomba ubao wa matangazo langoni, ili marekebisho yasomwe na kila mpita njia kabla hayajapanda ngazi. Barua ya saba ndiyo iliyojibiwa. Fremu ya ubao ilitengenezwa na fundi yuleyule, na imepinda kidogo upande wa kulia. Kila akipita huahidi kuja kuinyoosha.

Mwezi uliopita utawala, kwa nia njema, ulitaka kuiondoa ile barua ya onyo ili aondoke na faili safi. Alishukuru, akakataa. Aliliomba faili, akaiweka barua yake ya pongezi za kustaafu juu ya barua ya onyo, akapaka gundi ukingo wa kushoto tu.

Tuliokucheka koridoni tunaomba radhi, na tunasikitika kwamba unaondoka. Ahsante, Mama Gundi. Pumziko lako liwe refu, na wajukuu wasikuchoshe. Marekebisho ya wiki iliyopita yameshabandikwa. Nakala zote arobaini na moja tumezishika kwa mikono yetu, ndipo tukasaini.