Pikapu Iliyogoma Alasiri Tu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sitawabembeleza. Ninayemkumbuka ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nimeingia studio na huzuni na hasira, na hasira ndiyo kubwa. Mtanivumilia.

Shemeji alikuwa fundi umeme wa magari. Miaka thelathini na moja, gereji ileile ya mabati, jirani na maegesho ya malori. Mtaani walimwita Mpaka Nione. Ukimpelekea gari ukamwambia, fundi, nadhani ni betri, alikujibu: "Sibadilishi kitu mpaka nione." Hakubadilisha fyuzi mpaka aione imeungua. Hakubadilisha betri mpaka aipime mara mbili. Wenzake walikuwa wanang'oa hiki, wanaweka kile, wanaomba Mungu. Yeye hapana. Narudia, ili muelewe yaliyofuata: mtu huyu alikuwa habahatishi.

Sasa, fundi huyo alikuwa na pikapu yake mwenyewe. Kuukuu, bluu iliyopauka, mlango mmoja unafunguka kwa nje tu. Na pikapu hiyo ilikuwa na ugonjwa. Kuna siku unawasha, inawaka. Kuna siku unageuza ufunguo, inasema tik. Tik moja, basi. Taa zinawaka, honi inalia, injini kimya. Ukihangaika nayo kidogo, ukabamiza mlango kwa hasira, inawaka kama vile hamjawahi kugombana. Miaka mitatu hivyo, wasikilizaji wapendwa. Miaka mitatu.

Mtaa haukumwacha. "Mpaka Nione, bado hujaona?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye wateja wakaanza kupeleka magari gereji ya ng'ambo ya barabara, maana fundi gani huyu, gari lake halimsikii? Hapo kicheko kikaisha. Dada yangu anasema siku moja alimwambia, "Mke wangu, nikifa sijauona huu ugonjwa, watu watasema miaka yote nilikuwa nawadanganya." Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Alitaka kuuona kwa macho yake, jina lake lirudi.

Akaanzisha daftari la jalada la kijani. Ninalo hapa mezani. Kila pikapu ilipowashwa, aliandika. "Asubuhi, baridi, imewaka." "Alasiri, jua kali, tik." "Asubuhi, mvua, imewaka." "Alasiri, mawingu, tik." Kurasa mia moja na kitu. Asubuhi haikugoma hata mara moja, na alasiri iligoma inavyotaka. Akasema, basi, ni joto. Akaishusha stata, ile mota ya kuwashia injini, mara kumi na moja kutafuta kinachopanuka kwa joto. Akaikatia kinga ya bati la debe la mafuta ya kupikia. Na ule waya mnene wa betri, ule uliofungwa kwa bolti kwenye bodi, aliupima kila asubuhi kabla hajafungua gereji. Kila asubuhi aliukuta mzima.

Mnakumbuka siku mliyosikilizishwa muziki robo saa, badala ya sauti yangu? Mlipiga simu mkalalamika. Nilikuwa ndani ya pikapu hiyo, nje ya geti la kituo cha mafuta. Tik. Nikamwambia, shemeji, tushuke tusukume, nachelewa kazini.

"Hapana, shemeji. Ukiisukuma itawaka, na ikiwaka ugonjwa umejificha. Tulia niuone."

"Uone nini? Mimi nafukuzwa kazi hapa."

"Basi nenda kwa miguu, mwanaume mzima."

Nilienda kwa miguu. Nilifika nahema, na bosi wangu hajasahau mpaka leo. Shemeji alikuwa mkaidi, na sitajifanya hakuwa mkaidi kwa sababu amefariki.

Wiki mbili zilizopita, Jumatatu asubuhi, alikaa kitandani afunge kamba za viatu. Moyo ukasimama. Kiatu kimoja alikuwa ameshafunga.

Alishasema siku nyingi kwamba atabebwa na pikapu yake, si gari lingine. Haya. Tukaweka jeneza nyuma. Mimi nikashika usukani. Ilikuwa saa tisa alasiri, waombolezaji wamejaa barabara nzima. Nikageuza ufunguo.

Tik.

Wakaja mafundi wenzake, watano, wote na nguo zao safi. Mmoja akasema stata. Mmoja akasema swichi ya ufunguo. Mmoja akasema si unaona, joto hilo. Mtu mmoja nyuma akasema isukumwe. Nani aisukume, na mwenyewe aliyekataza amelala hapo nyuma? Jasho lilinitiririka mpaka machoni. Nilimchukia shemeji dakika ile, wasikilizaji wapendwa. Nawaambia ukweli.

Ndipo dada yangu akatoka kwenye kundi la akina mama. Akasema, "Jamani, mbona mnamchelewesha?" Akafungua boneti, akaingiza mkono, akaushika ule waya mnene kwenye bolti, akauvuta huku na huku mara mbili. Akafunga boneti. "Washa."

Ikawaka.

Mafundi watano walitazama chini. Mimi nikashindwa hata kuingiza gia.

Dada yangu ni mshonaji wa sare za shule. Kila asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kuondoka na pikapu, kupeleka sare madukani, kisha akamrudishia mumewe. Siku pikapu ilipoletwa, mwenye kuiuza alimwonyesha: mama, kabla ya kuwasha, vuta hapa. Shemeji alikuwa ndani anavaa shati. Dada akadhani mumewe ameshaambiwa. Akadhani magari ya zamani ndivyo yanavyowashwa, kama chupa ya dawa inavyotikiswa kwanza. Kwa hiyo akavuta, kila asubuhi, miaka mitatu. Ile bolti ina kutu kwa chini. Akiuvuta waya unashika, na pikapu ikishatembea kwenye mashimo mpaka mchana, unaachia.

Na shemeji alimwona akifungua boneti kila asubuhi. Alidhani anaangalia maji. Alimsifu kwa madereva: "Jifunzeni kwa mke wangu, hawashi gari kabla ya kukagua." Kisha yeye akaenda kuupima waya ambao mkewe alikuwa ameushika saa moja kabla. Ningekuwa na mtu wa kumgombeza ningemgombeza. Sina.

Juzi nimefungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Ni Jumapili, siku moja kabla hajafariki. Ameandika: "Mama watoto akiiwasha haigomi. Jua au mvua. Kwa nini? Kumuuliza."

Nikampelekea dada yangu. Akasoma mara mbili. Nikamwuliza, alikuuliza?

Akasema: "Alikuja jioni ile, akasimama kwenye mlango wa chumba cha cherehani. Akasema, hivi wewe, asubuhi. Mimi nilikuwa na haraka ya sare za watu, nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Akasema basi, maliza kazi, nitakuuliza kesho." Akafuta macho kwa kitambaa alichokuwa anakishona. "Nilikuwa na pini mdomoni, kaka. Nilikuwa na pini tu."

Dada yangu, na wanao, poleni. Poleni sana. Na ninyi wa mtaa ule mliokuwa mnamcheka, andikeni hili kwenye daftari lake: aliuona. Alikuwa amebakiza swali moja.

Wasikilizaji wapendwa, sina mengi zaidi. Kama hapo ulipo kuna mtu amesimama mlangoni anataka kukuuliza kitu, mimi sitaongea tena leo. Punguza redio, umsikilize.