Vipande vya Santuri ya Mjomba Enoch

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti, ila msikae raha sana. Leo tunamkumbuka Lucius Tarpley, fundi wa mabasi ya shule hapa kwetu Greenwood. Alifariki mwaka jana, mwezi kama huu, akiwa na miaka hamsini na tisa. Narudia jina: Lucius Tarpley. Ninyi mlimjua kwa mikono yenye grisi. Watu wa mbali, wasiojua hata Mississippi iko upande gani, walimjua kwa tovuti yake.

Maana Lucius alikuwa na kazi ya pili. Alitafuta santuri za zamani, za bluzi na jazi, zile nzito zinazovunjika kama sahani. Alizisafisha, akazipiga, akazitia mtandaoni ili kila mtu asikilize bure. Chini ya kila wimbo aliandika habari za mwimbaji: alizaliwa shamba la nani, alioa wapi, kazikwa wapi. Asiyejulikana kaburi lake, Lucius alikwenda kulitafuta.

Mama yake, Bi Odessa, alikuwa hana amani. Alikuwa ameshamzika mume, akamzika na mtoto wa kwanza, Amos. Alibakiwa na wawili, Lucius na Verlene, na huyu Lucius anatambaa chini ya sakafu za nyumba mbovu, kwenye nyoka na mbao zilizooza. Kila akitoka, mama alisimama mlangoni.

"Utakufa kwa vumbi la watu usiowajua," alimwambia.

"Basi, Mama, waandike kaburini kwamba nilikufa sijaoga."

Ilikuwapo santuri moja aliyoitafuta miaka kumi na tisa. Ni ya Enoch Beasley, mjomba wa Bi Odessa. Enoch aliimba santuri moja tu maishani mwake, katika chumba cha hoteli mjini Jackson. Baadaye akapanda treni kwenda kaskazini, na hakuonekana tena. Bi Odessa alikuwa na miaka mitano. "Viatu vyake navikumbuka, vyeupe na vyeusi," alizoea kusema. "Sauti imenitoka."

Lucius aliipata jikoni kwa Bi Arzula Magee. Ilikuwa kifuniko cha mtungi wa matango ya siki. Karatasi ya katikati ilikuwa imeliwa yote na siki. Kilichomjulisha ni namba tu za kiwandani, zilizokwaruzwa karibu na tundu. Bi Arzula akamwambia aichukue, ila amletee kifuniko kingine siku hiyo hiyo, kwa sababu matango hayangoji historia.

Hapa ndipo kosa la kwanza lilipoingia, wasikilizaji. Lucius hakumwambia mtu. Alitaka kumshtua mama yake kwa furaha. Wala hakuipiga, maana mifereji ya sauti ilikuwa imelika, na sindano ya kawaida ingeimaliza. Aliagiza sindano pana kutoka ng'ambo, akangoja. Ijumaa asubuhi aliiosha ile santuri, akaiweka mezani juu ya taulo, akamimina kahawa. Verlene alimkuta ameinamia meza. Moyo ulikuwa umesimama.

Mnaijua desturi yetu. Kitu cha mwisho alichokishika marehemu huvunjwa juu ya kaburi lake, ili mnyororo ukatike, asimvute mwingine wa nyumba ile. Na kilichowekwa pale hakiondolewi. Mume wa Bi Odessa alipofia hospitalini, kikombe chake kilibaki huko, hakikuvunjwa. Kabla mwaka haujaisha, Amos akafuata. Safari hii mama hakutaka kubahatisha. Alichukua kikombe cha kahawa. Alichukua na ile santuri isiyo na jina, mojawapo ya mamia, alivyodhani. Baada ya mazishi akavigonga kwenye ukingo wa jiwe la kaburi, kimoja baada ya kingine.

"Nimefunga mlango," alimwambia Verlene. "Sasa utaishi."

Jumatatu sindano ikafika.

Verlene hakuelewa ni ya nini. Akafungua tovuti ya kaka yake kwenye simu, akakuta ukurasa mpya. Akamsomea mama, taratibu, maana naye alikuwa anausoma kwa mara ya kwanza:

"Enoch Beasley. Mjomba wa mama yangu. Sijui kama kuna nakala nyingine duniani. Wimbo utakuwa hapa sindano ikifika. Mama, kaa chini kabla hujasikiliza."

Bi Odessa akakaa. Hakukaa kitini. Alikaa sakafuni, pale pale jikoni.

Alipoinuka, Verlene alikuwa ameshachukua funguo za gari. Mama akaziba mlango kwa mwili wake wote.

"Ukikigusa cha kaburini, umeitika wito. Nitabaki na nani mimi?"

"Mama, Jumatano wanakata nyasi makaburini. Ile mashine itavisaga vile vipande."

"Visagwe."

Lakini hakulala, wala hakula. Mkate wa mahindi ulikauka kwenye kikaango. Upande mmoja mwanawe wa mwisho, upande mwingine sauti ya mjomba na jasho la Lucius la miaka kumi na tisa. Jumanne nzima alitembea toka dirishani hadi mlangoni, akitazama mawingu. Alimpigia mchungaji, akakata kabla hajapokea. Alijua atakachoambiwa, na hakikumsaidia.

Jumatano, jua halijapanda, Verlene akamkuta amevaa kofia ya kanisani na glavu. Mkono mmoja ana chekecheo la unga, mwingine ana kikombe chake mwenyewe cha kahawa, alichokitumia miaka thelathini.

"Utaniendesha," akasema. "Lakini usishushe hata mguu garini. Kama kuna wa kuitwa, aitwe mwenye miaka themanini na moja."

Kaburini akapiga magoti. Akaokota vipande, akachekecha udongo, akaokota tena. Halafu akakivunja kikombe chake pale pale.

"Chukua hiki, Lucius. Nirudishie ile santuri."

Vilipatikana vipande kumi na kimoja vya santuri. Kimoja hakikuonekana, cha ukingoni, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Rafiki wa Lucius huko Memphis aliviunganisha, akaisoma mifereji kwa mwanga, bila sindano kuigusa. Wimbo ukatoka. Katikati yake Enoch anacheka, na Bi Odessa alipousikia ule mcheko alisema neno moja tu: "Viatu."

Lakini pale penye pengo, kila santuri inapozunguka, kitu kinagonga. Ko. Ko. Ko. Yule rafiki akasema anaweza kuufuta mlio huo kwa kompyuta, usisikike kabisa.

"Uache," Bi Odessa akamwambia. "Huo ni mkono wangu."

Kisha akamwagiza Verlene aandike chini ya wimbo, kama Lucius alivyoandika habari za wote: "Ilivunjwa na Odessa, mpwa wa mwimbaji, bila kuuliza." Nanyi mkiifungua tovuti, mtayaona maneno hayo hayo.

Mwaka umetimia. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kahawa, Bi Odessa anampigia binti yake. "Upo?" "Nipo, Mama." Anakata. Kesho tena.

Kwa Bi Odessa, kwa Verlene, na kwa ukoo wote wa Tarpley na wa Beasley, tunawapa pole. Mungu awatulize. Nasi tulio na watoto na wazazi, tujitazame. Wewe unayeficha jambo jema ukingoja siku nzuri, liseme leo wakati wa chakula, kwa maana siku nzuri haikuahidi kitu. Na wewe mwenye hofu, mwenye nyundo mkononi, uliza kwanza: hiki ni nini, na ni cha nani?

Sasa tunaupiga wimbo wa Mjomba Enoch. Mtasikia kitu kinagonga, tena na tena, hadi mwisho. Msiguse redio zenu. Hazijaharibika.