Sufuria Kitandani

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya duka la chai ya karaki, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku ugenini, chini ya kiyoyozi kinachotudondoshea maji mgongoni. Hapo, kila Ijumaa baada ya alasiri, watu wasiojua kuchemsha yai huwafundisha wapishi kazi. Leo Kamanda Suleimani, mlinzi wa jengo la ofisi, ameshika chupa ya kahawa. Omondi VIP, dereva wa basi la chekechea anayejiita dereva wa mabalozi, ameshika zamu ya kusema. Katikati yao ameketi Zuleikha, mtumishi wa familia ya Waukraine, na mfuko wa punje za kahawia mapajani.

— Wanaziita hrechka, alisema Zuleikha. Bibi kizee wa pale huzipika kila asubuhi, akaizungushia sufuria blanketi, akailaza kitandani. Leo nikadhani kasahau. Nikamwaga, na blanketi nikalifua. Tangu hapo bibi hali wala hasemi. Madamu kanambia nipike mwenyewe kabla ya magharibi, la sivyo kesho narudi kwa wakala.

Kamanda alinusa punje moja.

— Dada, hiki chakula cha kasuku.

— Kasuku gani? alidakia Omondi. Hii hata kuku wa kwetu akipewa anahama boma. Sikia, Zuleikha, songa kama ugali. Koroga mpaka mkono ukuume.

— Na tui la nazi, alisema Kamanda. Bila nazi hizo changarawe tu.

— Na kuilaza kitandani je? aliuliza Zuleikha.

— Kwao baridi, dada. Sufuria zinapata mafua.

— Wacha hizo, Kamanda. Nilibeba Mzungu mmoja, akaniambia kwao chakula lazima kilale ndio kipate nguvu.

— Ulimbeba wapi, na abiria wako wote wana chupa za maziwa shingoni? Mimi nakwambia bibi anaatamia. Mngoje siku ishirini na moja.

Tulicheka. Zuleikha hakucheka.

Peninah, mpishi wa hoteli moja kule The Pearl, alikuwa amesimama kwenye dirisha la duka akingoja chapati zake. Aligeuka.

— Hicho kitanda ni cha nani?

Omondi alimnyooshea Kamanda kikombe ajaziwe kahawa.

— Cha chumba cha mwisho, Zuleikha alisema polepole. Nakitandika kila siku. Miezi mitano sijaona mtu akikilalia. Sikuuliza.

Mama yangu alikuwa akifunga bakuli kwa kanga kila baba alipochelewa, chakula kisipoe kabla hajarudi. Nami nilikuwa nimecheka kuliko wote.

— Maji kiasi gani, dada Peninah? aliuliza Zuleikha.

— Vikombe viwili kwa kimoja. Kaanga punje kavukavu kwanza. Usikoroge. Maji yakinywewa, funika, zungushia blanketi.

— Lile nililolifua?

— Lile lile. Kwa jua hili limeshakauka. Nenda.