Kabati la Mofini la Kilwa

Bwana Davison Chishimba, tabibu msaidizi wa zahanati ya kisiwa cha Kilwa, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1977, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa Ziwa Mweru kwa miaka ishirini na sita. Kiti alichoandaliwa hapa Nchelenge, huku bara, mnakiona kitupu. Sababu yake inahitaji kuelezwa taratibu.

Alianza huku bara kama mfunga vidonda, akapelekwa kusomea utabibu, kisha akapangiwa Kilwa, mahali pasipofikika ila kwa chombo. Hajui kuogelea mpaka leo. Kila alipoitwa kwenye kambi za wavuvi alijifunga kwenye ubao wa mtumbwi kwa bendeji, na wachuuzi wa samaki wa upande wa Kongo, waliomwita Tata, yaani baba, hawakumwacha salama: "Tata Chishimba, ukizama, utazamisha na mutumbwi yetu!" Alicheka nao, huku akiikaza bendeji.

Wasiofanya kazi hii huenda hawajui kwamba mofini, dawa yetu kuu ya maumivu makali, hukaa chini ya kufuli. Inaweza kumtawala mtu, inaweza kumwua, kwa hiyo ilitakiwa daktari peke yake aidhinishe kila sindano. Daktari alikuwa Nchelenge. Chupa zilikuwa Kilwa. Basi Bwana Chishimba akabuni njia yake: alitundika shuka jekundu kwenye mti ufukweni, na mtumbwi wowote uliokuwa ukielekea bara ulijua kugeuka kuchukua ombi. Saini ilirudi na wachuuzi kesho yake, kama ziwa lilikuwa limetulia.

Mwaka 1973 Mama Ngalula, mchuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa letu, alimleta mumewe aliyeungua kwa moto wa petroli. Mawimbi yalikuwa makubwa. Shuka lilipepea siku mbili bila mtumbwi kupita. "Tata," mama yule alimwambia, "dawa iko mu kabati. Kabati iko mu nyumba. Weye uko na mikono. Sasa kunakosa nini?" Ziwa lilipotulia, mumewe alikuwa amekwisha kufa, na kelele zake zilisikika mpaka mwisho.

Tangu hapo Bwana Chishimba, asiyependa mikutano, hakukosa mkutano hata mmoja. Kila mkubwa wa afya aliyetutembelea aliulizwa swali la Mama Ngalula, kwa maneno yaleyale. Wengine waliudhika. Mmoja alimwita mkaidi mbele yetu sote, naye akamshukuru, akauliza tena.

Mwaka jana alijibiwa. Baada ya mafunzo na mtihani, akiwa na mvi kichwa kizima, alipewa kibali cha kuidhinisha mofini mwenyewe. Shuka jekundu likashushwa, likarudi kitandani. Lakini kibali kile kilitolewa kwa jina lake, si kwa zahanati, nacho kinakwisha leo pamoja na kazi yake. Muuguzi Felistus, anayebaki kisiwani, hajaitwa mafunzoni. Ameomba mara nyingi.

Wodini Kilwa yumo mzee Fanwell, mvuvi mwenye saratani ya koo, anayechomwa mofini kila siku na anayekataa kuvushwa kwa sababu anataka kufia Kilwa. Asubuhi tulipotuma boti kumchukua mstaafu wetu, ilirudi bila yeye, ikiwa na maneno haya: "Kuleni bila mimi. Mpaka jua lizame mimi ningali tabibu." Chakula kimepikwa, wageni wamefika, redio tuliyomnunulia iko mezani. Hakuna aliyeweza kumlaumu.

Daktari wetu, aliye nasi hapa, amekubali kuvuka jioni hii kuidhinisha sindano za kesho. Keshokutwa hakuna wa kuidhinisha.

Bwana Chishimba, tunakushukuru. Redio yako itakuja na boti ya daktari. Uende nyumbani Chienge salama, ukae na wajukuu, na usingizi wako uwe mzito. Waendesha boti wanatuambia Felistus amelifua lile shuka jekundu, na limekwisha kuanikwa.