Karai la Kaveke

Kwenye foleni ya matatu pale Kawangware 56, mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa anacheka peke yake. Mzee mwenye msumeno kwapani akamuuliza kulikoni.

"Tumetoka kupimwa vile huyu Kaveke anaongea, ndio apate msaada wa watoto wenye ulemavu," akasema, akimshika binti yake mkono. "Wakamwonyesha picha ya ile bafu nyeupe ya kulala ndani, kama ya hoteli. Huyu hajawahi kufungua mdomo mbele ya mgeni. Leo akasema, 'Karai!'"

"Si amepata jibu?"

"Wamemwandikia kosa."

"Na ukanyamaza?"

"Mzee, makosa yakiwa mengi ndio anasaidiwa. Nibishane?"

"Ungebishana! Kwani mtoto anaogea kwenye nini?"

Niliwaunga mkono wote wawili, kimoyomoyo, maana foleni haitaki mwamuzi. Mchuuzi wa vyombo akapita, karai kichwani. Kaveke akanyoosha kidole.

"Karai!"

Foleni nzima, kumbe ilikuwa inasikiliza, ikapiga makofi. Matatu ikasimama, makanga akaruka chini akiuliza kuna nini.

Tukamjibu sote: "Karai!"