Ndalahwa Shigela na Goli Alilolikataa

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kiseke, Mkolani, Buhongwa, na ninyi wa ng'ambo ya ziwa, acheni shughuli kidogo tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Ndalahwa Shigela, mshambuliaji. Tumemzika Jumamosi, Buhongwa. Aliugua muda mfupi tu, akiwa na miaka thelathini na saba.

Ndalahwa alikuwa mpakiaji wa marobota kwenye kinu cha pamba, na alichezea timu ya kinu hicho. Mrefu, miguu mikavu. Krosi ikipigwa, mashabiki walisimama kabla hajaruka. Alifunga magoli sitini na mawili. Sitini na mawili, wasikilizaji. Yeye mwenyewe alikuwa anasema sitini na moja.

Hilo moja aliloliacha alilifunga Agosti 1993, dhidi ya vijana kutoka Bukoba. Golini kwao alisimama Jovitus Ishengoma, mwalimu wa shule ya msingi. Dakika za mwisho, krosi ikatoka kulia. Jovitus akatoka kuidaka. Ndalahwa akaruka. Kichwa kikauwahi mpira, goti likampata kipa ubavuni. Goli! Jovitus alilala kidogo, akainuka, akampa mkono huku anacheka.

"Leo umeniweza, kaka."

Kesho yake Jovitus alifariki. Bandama ilikuwa imepasuka.

Hakuna aliyemlaumu Ndalahwa. Mwamuzi hakuona kosa. Lakini mkewe, Selina, anasema: "Alikuwa akinawa, anautazama ule mkono wa kulia. Ananiambia, Mama Kija, bado una joto lake."

Alicheza misimu miwili zaidi. Hakufunga tena hata goli moja. Akibaki na kipa, anapunguza mwendo, anarudisha mpira nyuma. Alimwambia Selina kwamba kila kipa aliyemtokea alikuwa na sura ile ile ya Jovitus, inacheka. Mashabiki hawakuyajua hayo. Walimzomea. Wakasema amehongwa.

Mwaka 1995 kinu kikauzwa kwa mtu binafsi. Wafanyakazi wakapunguzwa, timu ikafa. Ndalahwa akaanza kuuza mitumba Buhongwa. Sura ile ikamfuata hata huko, katikati ya wateja.

Mwaka 1997 alipanda basi, akalizunguka ziwa mpaka Bukoba. Akamtafuta mama yake Jovitus, Mama Leonsia. Alimkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Ndalahwa."

"Marahaba. Miaka minne nakungoja."

Mama alimpa kigoda. Akamwomba jambo moja tu: amsimulie lile goli, maana yeye hakuwapo. Ndalahwa akasimulia, machozi yanamtoka.

"Mwanangu alikosea kutoka?"

"Hapana, mama. Alitoka vizuri sana. Nilimzidi kidogo tu."

"Basi usilikatae. Ukilikataa, unaikataa na siku yake ya mwisho uwanjani."

Tangu siku hiyo alihesabu sitini na mawili. Ila mpira hakuugusa tena. Na mkono ule, anasema Selina, aliendelea kuutazama.

Wasikilizaji wapendwa, na mimi nina la kwangu. Mwaka 1994, kwenye kipaza sauti hiki hiki, nikitangaza mechi ambayo hakutokea uwanjani, nilimwita Ndalahwa mwoga. Si mara moja. Juzi msibani nikamuuliza Selina kama mumewe alisikia. Siku ile Ndalahwa alikuwa nyumbani anaumwa mguu.

"Alisikia, shemeji," akanijibu. "Redio ilikuwa mezani. Nilitaka kuizima, akanikataza. Akasema, mwache, hajui."

Kweli sikujua. Wala sikuuliza.

Pole sana, Selina. Pole Kija na wadogo zako. Pole Mama Leonsia, tumeambiwa ulipopata habari ulifunga mlango, ukalia peke yako. Mungu awatie nguvu.

Nanyi mnaokwenda uwanjani Jumapili, yupo mchezaji mtakayetaka kumzomea. Kabla ya kufungua mdomo, ulizeni kwanza ana nini. Ndalahwa nilikuwa namwona kila wiki; ningemuuliza, angenijibu.